Kabla ya kulaumu udongo, niambie majani uliyakata lini

Mhariri, swali lenu la wiki hii lilitoka kwa msomaji aliyeko Uingereza: mbona maua yake ya tulipu yalipendeza mwaka wa kwanza, mwaka wa pili mimea ikatoa majani matupu? Nami naishi huku, Coventry, na kila Aprili nasikia lalamiko hilohilo kwa Waswahili wenzangu wenye vibustani nyuma ya nyumba. Wengi husingizia udongo. Mimi huuliza kwanza habari za majani.

Ua la mwakani linaandaliwa mwaka huu. Ua la dafodili, ambalo kama tulipu huota kutoka kwenye tunguu, likishanyauka, majani yake huendelea kunasa jua na kushusha chakula kwenye tunguu hilo (kile kiini cha chini ya udongo kilicho kama kitunguu), na humo ndani, kabla kiangazi hakijaisha, chipukizi la ua lijalo huwa limeshaumbika. Ukiyafyeka kwa sababu yamelala ovyo, au ukayafunga mafundo ili bustani ionekane nadhifu (mtaani kwetu wapo wanaofanya hivyo, tena kwa fahari), umelipunja tunguu posho yake. Yaache angalau wiki 6 baada ya ua kufa; bora zaidi, subiri yageuke manjano yenyewe. Kinachostahili kukatwa ni kichwa cha ua lililonyauka, mmea usije ukamalizia nguvu kwenye mbegu. Kama ulipanda kwenye nyasi, basi mashine ya kukatia nyasi nayo isubiri. Jirani atasema. Mwache aseme.

Kipindi hichohicho ndicho cha kulisha. Mbolea ya maji inayouzwa kwa ajili ya nyanya inafaa sana kwa kuwa ina potasiamu nyingi. Ile yenye naitrojeni nyingi itakunenepeshea majani tu. Mvua ikikatika Aprili au Mei, mwagilia. Na dafodili zilizokaa pamoja miaka mingi mpaka zikabanana, zichimbue majani yakishakauka, uzitenganishe.

Kina nacho ni muhimu, maana watu hupanda juujuu mno. Udongo ulio juu ya tunguu uwe angalau mara 2 ya kimo chake. Tulipu mimi huzishusha sentimita 15 hadi 20. Dafodili hupandwa Septemba, tulipu Novemba, baridi ikiwa imeshapunguza nguvu za ukungu unaobabua majani yake.

Lakini tulipu zina kisa chao, na hapa sitaki msomaji wenu ajilaumu bure. Asili yake ni milima ya Asia ya Kati, upande wa Tian Shan, kwenye baridi kali na kiangazi kikavu chenye joto. Udongo wetu wa mfinyanzi wa huku, unaoshika maji hata Julai, hauzipendezi. Tena tunguu mama la tulipu hufa kila mwaka na kuacha watoto. Watoto wakiwa wadogo, kila mmoja hutoa jani moja pana, basi. Hayo ndiyo majani matupu aliyoyaona. Hata bustani maarufu ya Keukenhof, Uholanzi, hupanda upya matunguu kama milioni 7 kila mwaka. Haitegemei ya mwaka jana.

Anayetaka zirudi achague aina. Zile za kundi la Darwin Hybrid, kama Apeldoorn nyekundu, hustahimili miaka kadhaa mahali penye jua na pasipotuama maji. Tulipu ndogo za porini, kama Tulipa tarda, zinarudi vizuri zaidi, ingawa anayetaka ukubwa wa kujigamba nao atazidharau. Zile zenye petali zilizochanika kama manyoya ya kasuku nazinunua nikijua ni za msimu mmoja, wala sizisikitikii.

Kwa wasomaji wa Nairobi na Arusha wanaotamani kujaribu: kinachokosekana huko ni majira marefu ya baridi. Tia matunguu ya tulipu kwenye mfuko wa karatasi, uyaweke ndani ya friji wiki 12 au zaidi kabla ya kupanda, mbali na tofaa na matunda mengine yanayoiva, kwani gesi yanayotoa huliua ua likiwa bado ndani. Mfuko uuandike jina kwa herufi kubwa. Ukiwa wa dafodili ndiyo zaidi: tunguu lake linafanana mno na kitunguu maji, nalo lina sumu ya kumtapisha mlaji.