Maswali Yenu: Pedali ya Sauti, Efekti na Amplifaya ya Gitaa la Stili

SWALI: Ndugu Mhariri, napiga gitaa la stili (linalolazwa mbele ya mpigaji na kupigwa kwa kutelezesha chuma juu ya nyuzi) lenye pedali tatu na nyenzo nne za magoti za kubadilisha noti, katika bendi ya kantri. Nikichomeka moja kwa moja kwenye amplifaya, sauti ni safi na kali. Nikipitisha kwenye pedali ya sauti (ya kupandisha na kushusha sauti kwa mguu), ovadraivu (ya kukwaruzisha sauti) na dilei (ya mwangwi), huku tyuna ya kupimia noti imechomekwa pembeni ya pedali ya sauti, inakuwa kama imefunikwa blanketi, hasa mguu ukiwa katikati. Mwenzangu anasema ninunue waya wa bei. Nianzie wapi?
*Msomaji, Nakuru*

JIBU: Acha waya kwanza. Kidokezo kikubwa umekitoa mwenyewe: mguu ukiwa katikati. Mpigaji wa stili hukaa hapo muda wote. Hudonoa nyuzi pedali ikiwa karibu nusu, kisha hukanyaga taratibu noti inapofifia ili idumu. (Ukitaka kusikia mguu uliokomaa, msikilize Demola Adepoju katika bendi ya King Sunny Adé wa Nigeria.) Kwa hiyo pedali inayosikika vizuri ikikanyagwa hadi chini haijathibitisha chochote. Ijaribu ikiwa nusu.

Kinachotokea ni hiki. Pikapu ya stili, si ile ya kubebea ndizi bali sumaku iliyozungushiwa waya inayonasa mtetemo wa nyuzi, huwa na waya mwingi sana. Ukiipima kwa mita ya umeme hupata kama kilo-omu (kipimo cha ukinzani) 15 hadi 20, na kwenye sauti za juu ukinzani wake hupanda mara nyingi zaidi ya hapo. Ni chanzo dhaifu, na kila unachokichomeka mbele yake kinainyonya. Ndiyo maana pedali za stili zisizo na umeme huwekewa potenshomita (kidhibiti cha ukinzani kinachozungushwa na mguu wako) ya kilo-omu 500, si 250 kama nyingi za gitaa la kawaida.

Lakini hiyo 500 nayo ina deni lake. Ikikata volteji nusu, kilo-omu 250 ziko upande wa juu na 250 upande wa chini, hivyo kinachofuata kinaona chanzo cha kilo-omu 125. Waya wa kawaida una takriban pikofaradi 100 kwa kila mita, kipimo cha chaji ambayo waya huhifadhi na kumeza sauti za juu. Mita 5 kutoka kwenye pedali hadi kifaa kinachofuata ni pikofaradi 500. Piga hesabu: sauti za juu zinaanza kukatwa kwenye herzi 2,500 hivi. Hilo ndilo blanketi lako. Waya wa bei wenye pikofaradi 70 kwa mita utakusogeza hadi 3,600. Ni nafuu, si tiba.

Tiba ni bafa, yaani saketi ndogo inayopokea mawimbi dhaifu ya pikapu na kuyatoa yakiwa na nguvu ya kusukuma waya. Iweke mara tu baada ya gitaa, kwa waya usiozidi mita 3. Kisha badilisha potenshomita ya pedali iwe ya kilo-omu 25. Sasa ikiwa nusu, chanzo ni kilo-omu 6 na kitu, na ukataji ule ule wa waya unahamia juu ya herzi 50,000, mahali ambapo hakuna sikio la binadamu linalofika. Ila usifunge hiyo 25 bila bafa mbele yake. Pikapu itakabwa koo na hali itakuwa mbaya kuliko mwanzo. Kama hutaki kugusa potenshomita, bakiza 500 na uweke bafa ya pili baada ya pedali, kwa kipande cha waya cha sentimita 30 tu.

Njia ya bei nafuu: pedali nyingi za kampuni ya Boss hubaki na bafa hata zikizimwa. Tyuna ya TU-3 ikiwekwa ya kwanza inakupa tyuna na bafa kwa pamoja. Hapo utaichomoa ile tyuna iliyo pembeni ya pedali ya sauti, ambayo nayo ni mshukiwa: tundu la tyuna kwenye pedali nyingi limeunganishwa moja kwa moja na mlango wa kuingilia, hivyo tyuna na waya wake vinanyonya pikapu hata usipozitazama taa zake. Ichomoe kwanza usikilize. Jaribio hilo ni bure.

Mpangilio tunaoupendekeza ni gitaa, bafa (au tyuna yenye bafa), kompresa (ya kusawazisha sauti kubwa na ndogo) kama unayo, ovadraivu, pedali ya sauti, dilei, rivabu (mwangwi wa ukumbi), amplifaya. Ovadraivu ikikaa baada ya pedali ya sauti, kila ukipunguza mguu mkwaruzo unapungua pia. Wapo wanaoupenda ujanja huo, lakini kwa kantri ni usumbufu. Kompresa ikiwa baada ya pedali itapigana na mguu wako: wewe unashusha, yenyewe inapandisha. Dilei na rivabu lazima zibaki nyuma ili mwangwi umalizike wenyewe unapofunga pedali. Ukizitanguliza, ukifunga mguu unaukata mwangwi kama kisu.

SWALI: Pedali yangu ilikuwa inakwaruza. Fundi wa redio akabadilisha potenshomita, mkwaruzo ukaisha, lakini sasa sauti inaruka ghafla mwanzoni na robo tatu ya safari ya mguu haibadilishi kitu. Amekosea wapi?
*Mpiga stili, Morogoro*

JIBU: Amekufungia potenshomita ya aina B badala ya A. Soma mgongoni: A500K ni ile inayopanda kwa mkunjo unaofuata sikio, B500K hupanda sawasawa kwa hesabu lakini sikio huisikia ikiruka mapema. Herufi hizo ndizo zilizo kwenye potenshomita nyingi zinazotoka Asia, na dukani B ndiyo hujaa kwa sababu ndiyo inayouzwa zaidi. Kabla ya kununua, chukua mita ya umeme na uzungushe kishikio hadi katikati: A itasoma takriban asilimia 10 hadi 20 ya jumla kati ya pini ya kati ya potenshomita na ile ya ardhi, B itasoma nusu.

Akifunga mpya, aangalie na kamba inayoizungusha. Kisigino kikiwa chini kabisa, potenshomita iwe imegusa sifuri. Kidole kikiwa chini kabisa, ifike mwisho bila kulazimishwa. Kamba iliyovutwa kupita kiasi huvunja kizuizi cha ndani.

Kuhusu mkwaruzo wenyewe, mara nyingi ni uchafu, na dawa ya kupuliza ya kusafishia swichi hutosha. Usitumie mafuta ya kulegezea nati. Mkwaruzo ukirudi ndani ya siku chache, kaboni ya ndani ya potenshomita imelika. Na kama hata mpya inakwaruza, pima volteji ya DC kwenye mlango wa kuingilia wa pedali: kifaa kilichotangulia kinaweza kuwa na kapasita (kijenzi kinachozuia umeme huo) inayovujisha. Kosa ni la hicho kifaa, na unaweza kubadilisha potenshomita kumi bila kupona.

SWALI: Nimeletewa amplifaya kutoka Marekani, nyuma imeandikwa 120V 60Hz 250W. Ninatumia transfoma, lakini nikiwasha efekti zangu tatu kwa adapta moja, inavuma. Nikate pini ya ethi?
*Msomaji, Mombasa*

JIBU: Hapana! Mkono wako uko kwenye chuma na nyuzi za chuma. Ethi, yaani waya unaoelekea ardhini, ndiyo inayokulinda siku amplifaya itakapoharibika. Angalia pia kama transfoma yako inapitisha ethi hadi tundu la kutokea, maana nyingi za bei poa zina matundu mawili tu. Iwe ya wati 500 angalau, na iwe transfoma ya kweli yenye uzito, si kile kijisanduku chepesi cha pasi na majiko. Kama kibandiko kinataja 60Hz peke yake, tegemea transfoma ya ndani ipate moto zaidi kwa umeme wetu wa 50Hz. Iachie nafasi ya hewa.

Mvumo jaribu hivi: chomoa adapta, tia betri ya volti 9 kwenye efekti moja moja. Ukikoma, adapta ndiyo mkosaji. Tafuta yenye milango iliyotenganishwa, kila kifaa na wake, na hakikisha hasi iko katikati kama pedali nyingi zinavyotaka. Usipokoma, angalia kama amplifaya na efekti zimechomekwa kwenye soketi mbili za mbali. Zikusanye kwenye eksitensheni moja yenye ethi.

SWALI: Amplifaya yangu ina matundu ya kutuma na kurudisha efekti. Nitumie?
*Msomaji, Arusha*

JIBU: Kwa dilei na rivabu, ndiyo. Lakini dilei ikipasua sauti, ujue matundu hayo yanatoa mawimbi makubwa kuliko pedali inavyoweza kubeba. Irudishe mbele ya amplifaya, baada ya pedali ya sauti.