Safari ndefu ni ya mzazi, mtoto atembee kwenda shule

"Dada, naomba ushauri. Nafanya kazi Posta, mume wangu yuko Kariakoo, tuna watoto wawili na mkubwa anaingia darasa la pili. Tabata tunalipa laki tatu na nusu kwa vyumba viwili, na mwenye nyumba anataka kupandisha. Tunataka nyumba ya familia, shule nzuri iwe karibu, na kazini tufike. Hatuna zaidi ya laki mbili na nusu. Tuanzie wapi?"

Ujumbe huu ulinifikia wiki ileile matokeo ya darasa la saba yalipotoka na binti yangu wa kwanza akapata wastani wa A. Furaha yangu siifichi, kwa sababu najua tulikotoka, na najua A ile ilianzia kwenye uamuzi wa wapi tupange nyumba. Kwa hiyo dada yangu nakujibu hapa, maana wanaouliza swali lako ni wengi.

Sisi tulikuwa Sinza, Dar es Salaam. Nyumba ya vyumba viwili, kodi laki nne kwa mwezi, inalipwa miezi sita kwa mkupuo. Shule ya watoto ilikuwa upande wa Goba, na gari la shule lilizunguka Kijitonyama, Mwenge na Makongo kabla ya kufika. Binti yangu alikuwa kati ya watoto wa kwanza kuchukuliwa, maana yake alikuwa kati ya wa kwanza kuamka. Saa kumi na robo alfajiri nilikuwa namvalisha sare akiwa amefumba macho. Nilikuwa namshika kidevu nimnyweshe uji. Jioni alirudi saa kumi na mbili, anakula, anafanya kazi za shule mpaka kichwa kinaanguka kwenye daftari. Mwalimu wake akaniita kuniambia kwamba mtoto anasinzia kipindi cha hisabati. Nilisikiliza, nikashukuru, nikatoka nikalia kwenye bajaji. Mtoto hakuwa mgonjwa wala mzito wa kuelewa. Alikuwa hajalala.

Halafu mwaka huo, mwezi wa nane, mwenye nyumba akatutumia ujumbe wa simu kwamba anaihitaji nyumba yake, anataka kujenga fremu za maduka mbele. Binti alikuwa anajiandaa na upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, ambao hufanyika Oktoba. Nilimpigia nikamwomba atuache hadi Novemba, na nikamwambia kodi ya miezi hiyo naileta mkononi kesho yake. Akasema fundi ameshapewa hela. Tuliishi kwenye nyumba ile tangu tuoane, hatukuwahi kuchelewesha kodi, na alipofiwa na mama yake mimi ndiye niliyesimama jikoni siku zote za msiba. Mpaka leo barabara ile siipiti. Wanaoniambia nisamehe nawaelewa, lakini wao hawakufunga vyombo kwenye viroba huku mtoto anasoma chini ya ngazi kwa mwanga wa simu.

Tulihifadhiwa kwa shemeji yangu Ubungo. Pale ndipo mimi na mume wangu tulipokaa tukakubaliana jambo moja, nalo ndilo ninalotaka ulichukue hata kama mengine yote utayaacha: umbali haukwepeki kwa mtu wa kipato chetu Dar es Salaam, lakini unaweza kuamua nani aubebe. Tukaamua tutaubeba sisi wakubwa. Mtoto atatembea kwa miguu kwenda shule, atalala mpaka kumekucha, na sisi ndio tutakaopanda magari mawili.

Baada ya hapo utafutaji wote uligeuka. Watu wengi wanaanza na nyumba: dalali anapiga picha sebule yenye tailizi na dari ya jipsamu, unapenda, unalipia, halafu ndipo unaanza kuulizia shule. Sisi tulianza na shule. Matokeo ya darasa la nne na darasa la saba yanawekwa na NECTA, yaani Baraza la Mitihani la Taifa, kwenye tovuti yake shule kwa shule, kila mtu anaweza kuyafungua. Tangu matokeo ya kidato cha nne yaliyotangazwa Januari 2023, baraza liliacha kutangaza shule kumi bora, na mimi nimefurahi, kwa sababu orodha ile ilitufanya wazazi wavivu. Sasa inabidi ufungue mwenyewe shule unayoiwazia, uangalie miaka mitatu au minne mfululizo, siyo mwaka mmoja uliong'ara. Angalia na idadi ya watahiniwa. Shule yenye watahiniwa kumi na wanane wote wenye A, na shule ya serikali yenye watahiniwa mia moja na hamsini ambao wengi wao wana B, hizo ni kazi mbili tofauti, na ya pili ndiyo inayonivutia zaidi.

Kisha nenda. Usiende ofisini kwa mwalimu mkuu kwanza. Kaa kwenye genge jirani na shule saa watoto wanapotoka, uombe kuona daftari la mtoto wa muuza genge. Mimi nilifanya hivyo shule kadhaa kuanzia Mbezi hadi Kibaha. Daftari halidanganyi: unaona kama mwalimu amesahihisha wiki hii au mara ya mwisho ni mwezi uliopita, unaona kama mtoto alirudishiwa kosa akalirekebisha. Kuna shule yenye geti la kupendeza na mabasi mapya ambayo niliivuka kwa sababu ya daftari moja la sayansi lenye kurasa nyingi zisizo na wino mwekundu.

Tuliishia Kiluvya. Binti mkubwa tulimpeleka shule binafsi ya kutwa ya mchepuo wa Kiingereza, ya ada ya kawaida, kwa sababu alikuwa anaingia la tano na kumbadilishia lugha katikati kungemuumiza. Mdogo wake tulimwandikisha shule ya msingi ya serikali, ambako ada haipo. Tulisemwa. Lakini wote wawili wanatembea, na mdogo anasoma vizuri. Jambo ambalo wazazi wengi hawalifikirii ni kwamba ukichagua shule ya msingi ya serikali unakuwa umechagua na sekondari pia. Wengi wanaofaulu, ukiacha wachache wanaopangiwa bweni, hupangwa sekondari za kutwa za kata zilizo karibu na shule waliyomalizia. Kwa hiyo ulizia na hiyo sekondari ya kata: ina maabara, ina walimu wa fizikia na hisabati, na mtoto anaifikia bila kuvuka barabara kuu?

Na usijitulize kwamba ukishindwa utampeleka bweni. Tangu 2023 Kamishna wa Elimu alizuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne. Mwanao wa darasa la pili atalala kwako, na mimi naona ni sawa kabisa. Mtoto wa umri ule anahitaji mama wa kumfunika shuka usiku.

Sasa safari ya kazini. Mimi niko mjini, mume wangu yuko karibu na Gerezani, kama nyinyi tu. Barabara ya Morogoro kuanzia Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, imepanuliwa, na Kimara ndipo usafiri wa mabasi ya mwendokasi ulipoanzia tangu Mei 2016 kwenda Kivukoni na Gerezani. Tunatoka nyumbani saa kumi na moja na nusu, daladala hadi Kimara, pale mwendokasi. Asubuhi Kimara watu ni wengi na utasimama njia nzima. Sikudanganyi. Lakini nasimama mimi, mtu mzima niliyelala na kunywa chai. Watoto wanaamka saa kumi na mbili kasoro, mama mkwe anawapa uji, wanaondoka kwa miguu na wenzao. Jioni tunafika saa moja usiku tukiwakuta wameoga na madaftari yako mezani. Bila mama mkwe mpango huu ungekuwa mgumu, kwa hiyo panga mapema nani atawapokea mchana.

Kabla hamjalipa senti, fanyeni safari hiyo Jumatatu asubuhi kwa saa zenu halisi. Siyo Jumapili kwa gari la rafiki. Na dalali akikuambia "dakika tano kutoka lami", muulize ni kwa miguu au kwa bodaboda, kisha tembea mwenyewe ukiwa umevaa viatu vya kazini. Dalali anachukua kodi ya mwezi mmoja, na wengine hutaka na hela ya kukuzungusha, kwa hiyo haraka anayo yeye, wewe huna. Mimi niliyemwamini ni kijana wa boda wa kituoni. Nilimlipa anizungushe mitaa ya ndani na kumuuliza swali moja tu: masika unakataa kupeleka abiria wapi? Akanionyesha. Nyumba mbili nilizokuwa nimezipenda zilikuwa ng'ambo ya korongo ambalo Aprili halipitiki. Mtoto wa kutembea anahitaji njia ya mwaka mzima.

Mahesabu yetu ni haya. Sinza tulilipa kodi laki nne, na gari la shule la watoto wawili laki moja na ishirini kwa mwezi. Kiluvya tunalipa laki moja na themanini kwa vyumba vitatu, uzio na kisima, gari la shule hakuna, na nauli yetu sisi wawili imeongezeka kama laki moja. Laki mbili na arobaini inabaki kila mwezi. Hela hiyo ndiyo iliyotununulia kiwanja mtaa huuhuu, na msingi umeshamwagwa. Shemeji aliyesema tunakimbilia porini watoto wakasome na mbuzi, mwezi uliopita alinipigia kuniuliza kama kuna nyumba inayopangishwa huku.

Na kiwanja tulinunua baada ya kupanga kwanza tukaujua mtaa. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu naona wenzetu wanavyolizwa. Wapo wanaonunua Soga na Ruvu kwa kuambiwa treni ya umeme inapita. Ni kweli inapita, imebeba abiria tangu 2024, lakini ile ni treni ya kwenda Morogoro na Dodoma. Kazi yako inaanza saa mbili kila siku; angalia kwanza kama kuna treni ya saa yako kwenda na kurudi, na shule iko wapi. Wapo wanaonunua karibu sana na lami kwa kuona biashara. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilibomolewa kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ambayo kule ilihesabiwa mita 121.5 kila upande. Nenda TANROADS, wakala wa barabara, uulize. Nenda idara ya ardhi ya halmashauri uone kama eneo limepimwa na limepangiwa makazi. Sahihi ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwenye karatasi ya mauziano peke yake haikuambii hayo.

Mzazi mwenzangu, tuache kuona fahari ya kuishi "karibu na mjini" huku watoto wetu wanalala kwenye viti vya mabasi. Mji huu umetuzoesha kuona taa za magari ya shule saa kumi na moja alfajiri tukadhani ni maendeleo. Mtoto wa miaka saba ana haki ya kulala. Ana haki ya kucheza rede jioni jua likiwepo. Hakuna mapazia wala anwani ya mtaa unaofahamika inayolipa hilo, na anayekucheka kwa kuhama hatamfundisha mwanao hisabati.

Kwa hiyo dada wa Tabata, kwa kazi za Posta na Kariakoo anza Kibamba, Kiluvya na Kibaha. Kibaha ina Shirika la Elimu lililoanzia kwenye mradi wa nchi za Nordiki wa 1963, na mji umezoea shule na hospitali ya Tumbi. Ikishindikana, tazama Barabara ya Kilwa, ndani ya Mbagala na Chamazi. Anza mwezi wa tisa au wa kumi, kwa sababu uandikishaji wa wanafunzi wapya hufanyika miezi ya mwisho ya mwaka na muhula unaanza Januari. Ukipata nyumba, mkataba uishe Desemba, usiishe katikati ya muhula. Na andikisheni humo notisi ya miezi mitatu, pamoja na kifungu kwamba familia haitatolewa kabla muhula haujafungwa. Mwenye nyumba wetu wa sasa alisoma kifungu hicho, akacheka kidogo, akasaini. Akikataa wa kwako, rudi kwa kijana wa boda muendelee kutafuta.