Kipimo kinasema mwanangu ana mzio wa vyakula 24. Familia tule nini?

SWALI

Habari daktari. Nina watoto watatu, na wa mwisho ana miaka mitatu na nusu. Akiwa na miezi tisa nilimpa yai la kuchemsha. Haikufika hata nusu saa, uso ukavimba, mwili mzima ukajaa mabaka, akatapika mfululizo. Tangu siku hiyo hajala yai. Pia ana ukurutu tangu uchanga. Kwa kuwa hauishi, nilimpeleka kwa mtu anayepima mzio kwa tone la damu. Akanipa karatasi iliyoandikwa IgG, yenye vyakula 24 vilivyowekewa rangi nyekundu: maziwa, ngano, samaki, karanga, kuku, nyanya, ndizi, hata mchele. Vyote alikuwa akivila. Huu ni mwezi wa nne tumeviacha. Ngozi ilitulia kidogo, ikarudi palepale. Nguo zinampwaya, nami napika vyungu viwili kila siku huku wakubwa wake wakinung'unika. Nipike nini ambacho sote tunaweza kula?

JIBU

Mama, lengo ni mrudi kwenye chakula mlichozoea, isipokuwa yai, kwa utaratibu nitakaoueleza hapa chini. Katika yote uliyoniandikia, chakula pekee chenye ushahidi dhidi yake ni yai: kiliingia mdomoni, na muda mfupi baadaye mwili ukajibu kwa dalili ambazo daktari yeyote wa mzio angezitambua. Vile 24 vimeshtakiwa na karatasi tu, na karatasi za namna hiyo naletewa kila mara, na kila mara nyuma yake kuna mtoto aliyekonda.

Nikueleze kilichopimwa. Mzio kama ule wa yai huletwa na kingamwili aina ya IgE. Hizo hung'ang'ania kwenye seli zilizojaa histamini, kemikali inayoleta uvimbe na mwasho, na protini ya chakula ikizigusa, seli humwaga histamini hiyo papo hapo. Ndiyo maana uso ulivimba kabla ya nusu saa. IgG ni kingamwili nyingine kabisa. Mwili wa mtu mwenye afya huitengeneza dhidi ya vyakula anavyokula na kuvivumilia. Kwa hiyo haishangazi kwamba orodha yako imejaa vyakula ambavyo mtoto alikuwa akila wiki baada ya wiki. Wataalamu wa mzio wa Ulaya, kupitia chama chao cha EAACI, walitamka mwaka 2008 kwamba kipimo hiki kisitumike kutafuta mzio wa chakula. Wenzao wa Canada wakasema hivyohivyo mwaka 2012. Miaka yote hiyo imepita na bado kinauzwa kwa wazazi waliochoka kuona mtoto anajikuna usiku kucha. Hilo linaniudhi kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Hata vipimo halali, cha kuchoma ngozi na cha IgE ya damu, havisomwi peke yake. Jibu likiwa chanya maana yake ni kwamba kingamwili zipo, basi. Watoto wengi wana kingamwili hizo na chakula wanakila bila shida yoyote. Mtoto anayekunywa kikombe cha maziwa kila asubuhi akaenda kucheza hana mzio wa ghafla wa maziwa, hata karatasi iseme nini. Daktari anayejua kazi yake huanza na maswali: alikula nini, kiasi gani, dalili zilianza baada ya dakika ngapi, zilichukua muda gani, na je, amewahi kukila tena? Kipimo huja baadaye kuthibitisha shaka iliyokwishapatikana. Anayeanza na kipimo cha vyakula themanini kwa mpigo anavua kwa nyavu, na lazima atatoka na kitu.

Ukurutu nao una habari yake. Ni ugonjwa wa ngozi wenye kwenda na kurudi, hata usipogusa mlo. Ndiyo maana orodha yoyote ya kukataza vyakula huonekana inafanya kazi kwa wiki mbili tatu. Kwa watoto wengi dawa yake ni ngozi yenyewe: mafuta mazito ya kulainisha kila siku, hasa baada ya kuoga, na krimu aliyoandikiwa na daktari, itumike kwa muda alioutaja. Akina mama wengi huiogopa krimu hiyo, wakaipaka nusu na kuiacha mapema, ukurutu ukarudi, lawama ikaangukia nyanya.

Sasa yai lenyewe. Kazi ya yai jikoni mara nyingi ni kushikisha au kuumua. Kushikisha kunafanywa vizuri na kiazi kilichopondwa, au mbegu za kitani zilizosagwa na kulowekwa. Kuumua kunafanywa na beking pauda. Kwenye vifurushi, soma viambato kila unaponunua, hata kama jana ulinunua kilekile, kwa sababu watengenezaji hubadilisha. Yai hujificha kwa majina ya albumini, ovalbumini na lisozimu, na mayonesi ni yai. Wakubwa wake wakitaka mayai, wale. Kaanga ya mwisho iwe yao, mafuta yale yasirudi kwenye chakula cha mdogo, na mwiko usihamishwe kutoka sufuria moja hadi nyingine. Meza na mikono vioshwe kwa sabuni na maji. Jeli ya kuua vijidudu haiondoi protini ya chakula mikononi, na watu wengi hudhani inaondoa. Chungu ni kimoja, mama.

Kuna watoto wengi wenye mzio wa yai ambao huweza kula yai lililookwa ndani ya keki, kwa sababu joto la muda mrefu hubadilisha protini zake. Kwa mwanao jambo hilo lijaribiwe hospitalini, mbele ya watu wenye dawa mkononi. Habari njema ni kwamba wengi huuacha mzio wa yai wanapokua, kwa hiyo apimwe upya kila baada ya muda.

Kuhusu vile 24, najua hamu yako ni kuvirudisha vyote leo usiku. Subiri kidogo. Wali, kuku, nyanya na ndizi, alivyokuwa akila bila tatizo, virudishe kimoja baada ya kingine kuanzia wiki hii. Maziwa, ngano, samaki na karanga visirudi kabla hujaongea na daktari wa mzio, naye awe mtu unayempata kwa siku chache, wala si kwa miezi. Sababu ndiyo hii, na ndiyo inayonikosesha usingizi: mtoto mwenye ukurutu aliyekuwa akivumilia chakula anaweza kupoteza uvumilivu huo akinyimwa kwa muda mrefu. Wapo walionyimwa maziwa kwa sababu ya ngozi tu, na siku walipoyanywa tena wakapata mzio mkali ambao mwanzo hawakuwa nao. Orodha ya uongo inaweza kuzaa mzio wa kweli.

Hilo tumelijua kwa gharama. Mwaka 2000 madaktari wa watoto wa Marekani walishauri watoto walio hatarini wasipewe karanga hadi miaka mitatu. Ushauri huo uliondolewa mwaka 2008. Mwaka 2015 yakatoka matokeo ya utafiti uitwao LEAP, uliofanyika London kwa watoto wachanga 640 wenye ukurutu mkali au mzio wa yai. Waliolishwa karanga mapema na mara kwa mara walipata mzio wa karanga kwa kiwango pungufu kwa asilimia 81 kuliko waliozuiwa. Tumbo hufundisha mwili kuvumilia chakula. Ngozi iliyochanika hufanya kinyume: chembe za chakula zikiingia kupitia ukurutu, mwili hujifunza kuzipiga vita. Kwa mtoto wako tulichofanya ni kuiacha ngozi wazi na kulifunga tumbo.

Kukonda nako kuna hesabu yake. Mtoto wa miaka mitatu anahitaji takriban miligramu 700 za kalsiamu kwa siku, na akifika minne zinapanda hadi 1,000. Kikombe kimoja cha maziwa ya ng'ombe kina kama 300, na gramu nane za protini. Kinywaji cha mchele kinachouzwa kama mbadala kina protini chini ya gramu moja. Ukiondoa maziwa, samaki, kuku, ngano na karanga kwa pamoja, hakuna mboga itakayoziba pengo hilo katika tumbo dogo la miaka mitatu. Na kwa wale ambao watoto wao kweli wana mzio wa maziwa ya ng'ombe: wanaowaambia mhamie ya mbuzi wanacheza na uhai wa mtoto. Protini zake zinafanana mno. Maziwa yasiyo na laktosi pia hayafai, kwa kuwa laktosi ni sukari na mzio ni wa protini.

Jambo la mwisho lilipaswa kuwa la kwanza kwa huyo aliyepima damu. Mabaka, uvimbe na kutapika kwa pamoja baada ya yai ni anafilaksia, yaani mzio mkali unaoweza kuua, maana mifumo miwili ya mwili ilihusika: ngozi na tumbo. Mtoto wa namna hiyo anahitaji sindano ya adrenalini nyumbani na mpango ulioandikwa na daktari. Dawa ya maji ya mzio hupunguza mwasho, haizuii koo kufunga wala presha kushuka. Adrenalini huchomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje, mara tu pumzi ikibana, sauti ikikauka, au mtoto akilegea. Alale, miguu iinuliwe. Kama anapumua kwa shida, akae bila kusimamishwa. Kisha hospitali, hata akionekana amepona, kwa sababu dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye. Mtu huyo amekupa makatazo 24, na hata sindano moja hakuitaja. Hivyo ndivyo utakavyowatambua wote wa aina yake, na wale wanaouza unga wa "kumzoesha" mtoto chakula kinachomdhuru: wanazungumza sana kuhusu vyakula, na hawazungumzi kabisa kuhusu dakika kumi ambazo mtoto anaweza kufa. Kumzoesha mtoto chakula kwa kiasi kidogokidogo kupo kitabibu, huanzia hospitalini, na hata huko huleta mzio mkali kwa baadhi yao.

Utakapokwenda kwa daktari, chukua daftari: kila alichokula kabla ya kuvikataza, tukio la yai kwa dakika zake, na picha za mabaka kama zipo. Omba adrenalini siku hiyohiyo, na mtoto apimwe uzito na urefu kabla hamjatoka chumbani.