Valvu isiyogonga ndiyo ya kuogopa

Ujumbe wa juzi umetoka kwa mwenye Toyota IST, injini 1NZ-FE. Asubuhi gari inamisi na kutetemeka ikiwa imesimama, ikishapata moto inatulia kidogo, na mlimani haina nguvu ya zamani. Plagi nne mpya, koili mbili mpya, pampu ya mafuta imeshushwa na kurudishwa. Sasa anaambiwa injini imechoka, atafute ya mtumba. Mwisho akaongeza: "Ila kaka, valvu sidhani, maana hazigongi."

Sentensi hiyo ya mwisho imeua injini nyingi kuliko maji ya rejeta.

Injini hii haina tapeti za oili zinazojirekebisha zenyewe. Valvu husukumwa na nundu za kemshafti, fimbo inayozunguka juu yake, kupitia kikombe cha tapeti kilichofunika mkia wa valvu. Kati ya nundu na kikombe kuna nafasi ndogo, na nafasi hiyo hubadilika kwa njia mbili. Nundu au kikombe kikilika, nafasi inapanuka na utasikia tik-tik-tik. Siti ya valvu, yaani pale inapokalia ikifunga, ikilika, valvu inapanda juu kuelekea kemshafti, nafasi inabana, na injini inazidi kuwa kimya. Wenyewe mnasifia, "mashine imetulia." Kumbe valvu ya ekzosi, ile ya kutoa moshi, haifungi tena sawasawa. Na valvu hiyo hupoteza sehemu kubwa ya joto lake pale inapokaa kwenye siti. Isipokaa, ukingo wake unaungua. Waliofunga mfumo wa gesi, kama wengi Dar siku hizi, wako karibu zaidi na shida hii kwa sababu gesi huingia kavu na siti huliwa haraka. Kwao nashauri kupima nafasi hiyo kila kilomita 20,000.

Kabla ya kufungua chochote kikubwa, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, plagi zote zikiwa nje na pedali ya mafuta imekanyagwa mpaka chini. Silinda moja ikiachwa nyuma na wenzake kwa zaidi ya psi 14 hivi, mwagia humo kijiko cha oili upime tena. Ikipanda sana, ni ringi za pistoni. Isipopanda, fikiria valvu au gasketi ya hedi, kile kichwa cha injini kinachobeba valvu. Mwenye kompresa aingize upepo kupitia tundu la plagi, pistoni ikiwa juu na valvu zote za silinda hiyo zimefungwa, kisha asikilize: upepo ukitoka kwenye bomba la moshi ni valvu ya ekzosi, ukitoka upande wa kuvutia hewa ni ya inteki, ukipulizia kwenye mfuniko wa oili ni ringi.

Kupima nafasi hufanywa injini ikiwa baridi kabisa, gari limelala. Toa koili, plagi na kava la valvu. Zungusha krankshafti kwa spana kwenye boliti ya puli, kwa mwelekeo wa saa, mpaka alama ya puli ikae kwenye 0. Tazama silinda namba 1: nundu zake zote ziwe zimegeuka, hazigusi vikombe. Kama zinakandamiza, zungusha duru moja tena. Hapo pima inteki za silinda 1 na 2, na ekzosi za 1 na 3. Zungusha duru nzima, kisha pima inteki za 3 na 4, na ekzosi za 2 na 4. Inteki inatakiwa 0.15 hadi 0.25 mm, ekzosi 0.25 hadi 0.35 mm. Bamba la filageji, kile kipande chembamba cha chuma cha kupimia nafasi, lipite kwa kukwaruza kidogo, kama karatasi unayoivuta chini ya kitabu. Andika namba zote 16. Fundi anayepima kwa kichwa huishia kupima mara tatu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tuseme ekzosi moja ya silinda ya 3 ina 0.12 mm, na kikombe chake kina unene wa 5.420 mm. Unalenga 0.30, hivyo imepungua 0.18. Toa kwenye unene: 5.240 mm. Hicho ndicho kikombe cha kutafuta, na vinatengenezwa kwa tofauti ya 0.02 mm. Namba ya unene iliyo ndani ya kikombe ikiwa imefutika, tumia maikromita. Usikadirie kwa jicho. Kusaga kikombe kwa jiwe, ambako baadhi ya mafundi hukuita "kurekebisha", ni uharibifu.

Kikombe kiko chini ya kemshafti, nayo haitoki mpaka tensheni ya cheni ilegezwe, cheni na gia zake zitiwe alama ya rangi, na cheni ifungwe kwa waya isianguke ndani. Legeza boliti za kepu, vile vishikizo vya kemshafti, kidogo kidogo kutoka pembeni kuja katikati. Kuzirudisha ni kinyume chake. Kila kepu irudi pale pale ilipotoka, mshale ukitazama mbele. Kepu ndogo hukazwa Nm 13, ile ya mbele Nm 23. Ukikaza kwa hasira, nyuzi za aluminiamu zitakuja na boliti.

Kikombe kipya hakiponyi valvu iliyokwisha kuungua. Kompresheni ikibaki chini, hedi inafunguliwa. Pitisha rula ya chuma: hedi ikipinda zaidi ya 0.05 mm ipelekwe ikachongwe. Valvu yenye ukingo uliolika haisagwi, inabadilishwa. Yenye afya isage na siti yake kwa dawa ya kusagia mpaka utokee mstari wa kijivu usiokatika, upana wa milimita 1.0 hadi 1.4. Badilisha sili zote za valvu, funga springi, kisha mimina petroli kwenye milango ya hedi, zile njia za hewa na moshi, na usubiri dakika kadhaa. Ikivuja tone, rudia.

Na hapa ndipo kazi nyingi nzuri huharibika. Kusaga kunaizamisha valvu zaidi ndani ya siti, maana yake mkia wake umepanda na nafasi imebana tena. Mtu anarudisha vikombe vile vile, gari linaondoka likiwa kimya na tamu, na baada ya muda lile lile tatizo linarudi, lawama zinaangukia petroli. Hedi ikishakaa, funga kemshafti, zungusha injini kwa mkono duru mbili kamili, ikikwama popote simama, kisha pima valvu zote 16 upya kabla ya kugusa swichi.