Jibu kwa wanaoniuliza kuhusu kazi ya kutafiti bata huku North Dakota

Ndugu zangu, na hasa ninyi wadogo zangu mliomaliza shahada ya wanyamapori pale Morogoro, mmekuwa mkiniuliza kama ni kweli mtu anaweza kuishi Marekani kwa kutafiti bata mwitu, na kama ninaweza kuwatafutia nafasi. Naandika haya kwa wote kwa pamoja, kwa kuwa jibu fupi ninalotoa kwenye simu huwaacha wengine wakidhani ninawaficha jambo.

Ninapofanyia kazi si mbali na mji wa Jamestown, katika nchi ya nyasi, ngano, mahindi na soya. Barafu nene iliyolifunika eneo hili ilipoyeyuka, zaidi ya miaka 10,000 iliyopita, iliacha mamilioni ya vidimbwi kuanzia Alberta huko Kanada hadi jimbo la Iowa hapa Marekani, na inakadiriwa kwamba angalau nusu ya bata wa Amerika Kaskazini huzaliwa katika ukanda huu. Vidimbwi vingi ni vidogo kuliko kiwanja cha mpira, na vingine hukauka kabla ya katikati ya kiangazi. Hivyo vinavyokauka mapema ndivyo vyenye thamani kubwa wakati wa majira ya kuchipua ya huku, kwa sababu maji yake ya kina kifupi hupata joto haraka na kujaa wadudu na konokono, ambao ndio protini anayoihitaji bata jike ili atage.

Kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi Julai kazi yetu kubwa ni kutafuta viota. Pikipiki mbili za magurudumu manne hukokota mnyororo mrefu uliofungwa baina yake, na pale mnyororo unapopita juu ya nyasi na bata akaruka, tunasimama na kupekua majani kwa mikono hadi tukione kishimo kilichotandikwa manyoya ambayo jike ameyanyofoa kifuani mwake. Ili kujua mayai yameatamiwa kwa muda gani, yai moja huwekwa kwenye mdomo wa kipande cha bomba la mpira na kuelekezwa juani. Likiwa limeatamiwa siku chache utaona mwanga ukipenya na vishipa vyembamba vya damu; likikaribia kuanguliwa, karibu lote huwa giza, isipokuwa nafasi ya hewa kwenye ncha butu. Kisha tunayafunika mayai kwa manyoya yale yale, tunaandika mahali kiota kilipo, na baada ya wiki hivi tunarudi. Mara nyingi tunachokikuta ni maganda, kwa kuwa mbweha na rakuni wamekwisha kupita. Watafiti walikwisha kukadiria kwamba ikiwa viota 15 tu katika kila 100 vya bata wa kichwa cha kijani vitafanikiwa, idadi yao inaweza kujimudu. Basi kila kiota kinachofikia kuangua kina uzito katika hesabu yetu.

Jambo ambalo sikulitarajia ni kwamba sehemu kubwa ya ardhi hii ni mali ya wakulima binafsi. Huku huingii shambani kwa barua ya chuo pekee: unakwenda nyumbani kwa mwenye shamba, unamweleza unachotafuta, na akikataa unashukuru na kuondoka. Nimejifunza mengi zaidi katika mazungumzo hayo kuliko darasani, kwa sababu mkulima ndiye anayeamua kama kidimbwi kitabaki au kitawekewa mabomba chini ya udongo ili maji yatoke na mahindi yapandwe. Jimbo hili limekwisha kupoteza karibu nusu ya ardhioevu yake ya asili, na Iowa imepoteza karibu asilimia 90. Inaniuma sana kufika mahali palipokuwa na maji na kukuta mistari ya soya, ingawa namwelewa mwenye mkopo wa benki anayetazama bei ya mazao.

Mtashangaa pia kujua kwamba fedha za uhifadhi wa bata hutoka kwa kiasi kikubwa kwa wawindaji. Tangu 1934 kila mwindaji mtu mzima wa ndege wa majini hulazimika kununua stempu ya serikali kuu, ambayo sasa ni dola 25, na karibu fedha zote zake hununua au kulinda ardhioevu na nyasi za kutagia. Nimependa kuona fedha hiyo ikirudi kwenye ardhi yenyewe, na natamani mjadala wetu wa uwindaji wa kitalii uulize kwa ukali zaidi kama fedha zake nazo zinarudi kwenye ardhi.

Kuhusu kipato, sitawapambia maneno. Posho ya mwanafunzi wa utafiti hulipa kodi ya nyumba, chakula na mafuta ya gari, na bila gari huku huwezi kuishi. Ninachotuma nyumbani ni kidogo, na miezi mingine hakipo. Wakati wa baridi kipimajoto hushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, nami hushinda ndani na kompyuta. Nikitaka kusikia Kiswahili huenda Fargo, takriban kilomita 150, kuzitembelea familia za Wakongo.

Kazi za muda za msimu, ambazo wengi wenu mmeziona zikitangazwa, ni nadra sana kumwombea mgeni viza, kwa hiyo msizitegemee. Njia inayowezekana ni shahada ya uzamili chini ya profesa mwenye mradi uliokwisha kupata fedha, ambao utakulipia ada na posho. Mwandikieni profesa mwenyewe kati ya Agosti na Novemba, mkieleza swali mnalotaka kulichunguza na kazi ya uwandani mliyoifanya Kilombero au kwingineko. Anayehitaji nimsomee barua yake kabla hajaituma anitumie, nitaisoma.