Toleo kwa toleo, au usubiri kitabu?

Umeuliza kama ununue Absolute Batman, jarida la hadithi za picha, kila toleo linapotoka au usubiri kitabu kinachokusanya matoleo kadhaa pamoja. Subiri, ndugu yangu. Toleo moja unalimaliza chai haijapoa. Hadithi yenyewe haitakuangusha: tangu Oktoba 2024, mwandishi Scott Snyder na mchoraji Nick Dragotta wametuletea Bruce Wayne (ndiye Batman mwenyewe) asiye tajiri, mhandisi ambaye mama yake yu hai, na nembo ya popo kifuani huchomoka ikawa shoka! Matangazo ya matoleo yajayo yasikupapatishe. Kila mara huahidi kifo cha shujaa fulani, na wakifa hurudi. Ukishindwa kuvumilia, chukua toleo lenye jalada la kawaida. Yale yenye majalada mbadala, yaani picha tofauti ya mbele, yana hadithi ile ile ndani.