Biden alivukaje mchujo wa 2020 baada ya kupigwa Iowa? Nilikuwa ukumbini, nasimulia

Mkuu, umeuliza mambo mawili: ilikuwaje Biden apigwe Iowa na New Hampshire, majimbo mawili ya kwanza kupiga kura, mwaka 2020 halafu kabla mwezi haujaisha awe ndiye anayeongoza, na huku "kuuzika" kwa mgombea, yaani kuweza kushinda uchaguzi wa Novemba, kunakoimbwa kila mchujo wa Wademokrati (chama kinapochagua mgombea wake wa urais) ni kitu gani hasa. Mdau mmoja hapo juu kakujibu kwamba wakubwa wa chama walipanga. Sibishi kwamba simu zilipigwa, nitafika huko. Ila mimi usiku ule wa Iowa nilikuwemo, na niliyoyaona hayakuhitaji mkubwa yeyote.

Mimi ni mtu wa Kigoma, nakaa Cedar Rapids, Iowa, mji ambao ukiingia dukani Jumamosi huwezi kumaliza foleni bila kusikia Kiswahili cha Wakongo na Warundi. Uraia niliupata 2018, kwa hiyo tarehe 3 Februari 2020 ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumchagua mtu Marekani. Nikategemea sanduku na karatasi. Hakuna! Wademokrati wa Iowa walikuwa na kaukasi: mnakusanywa ukumbini, kila mgombea ana kona yake, unakwenda kusimama kwenye kona ya mtu wako huku majirani wote wanakutazama. Wakenya wanaoukumbuka mlolongo wa 1988, watu walipopanga foleni nyuma ya wagombea, watanielewa, isipokuwa hapa waliohesabu walihesabu kweli.

Sisi tulikuwa kwenye ukumbi wa michezo wa shule ya msingi. Buti zimejaa theluji, sakafu ya mpira wa kikapu imelowa, watoto wanakimbizana katikati ya watu wazima wanaobishana. Tulikuwa 212. Sheria ilikuwa kwamba kundi lisilofika asilimia 15 linavunjwa, maana yake kwetu ilikuwa watu 32. Seneta Bernie Sanders wa mrengo wa kushoto alipata 58, Pete Buttigieg aliyekuwa meya 56, seneta Amy Klobuchar 35, seneta Elizabeth Warren 30. Mimi nilisimama kwa Biden, sababu yangu ilikuwa nyepesi tu, alikuwa makamu wa Obama. Tukahesabiwa, 27. Yaani makamu wa rais wa miaka minane hana watu wa kujaza basi moja.

Sasa nikamwona jirani yangu, mwalimu mstaafu, bango la Warren limesimama kwenye bustani yake tangu kiangazi. Kasimama kwa Buttigieg. Nikamfuata, mama vipi, umepotea kona? Akanijibu kwa sauti ya chini kwamba Warren anampenda, lakini shemeji yake wa kule mashambani hatampa mwanamke kura. Kwenye kona ileile nikasikia mwingine akimtaja bosi wake, mwingine wanaume wa kanisani kwao. Kila mtu anamnukuu mtu ambaye hayumo ukumbini.

Hapo ndipo nilipouelewa msamiati wa kuuzika. Unadhani unampima mgombea, kumbe unampima jirani yako, tena kwa kukisia. Na kwa kuwa wote mnakisia, mtu anaweza kukosa kura za watu wanaompenda. Kundi la Warren lilipungukiwa na watu wawili. Yule mama akataka kurudi, akaambiwa haiwezekani: mwaka ule walikuwa wameweka kanuni mpya, ukishahesabiwa kwenye kundi lililovuka kizingiti huhami tena. Akabaki amesimama pale anawaangalia wenzake wakivunjwa.

Waliovunjwa wakaanza kugombaniwa. Ungetarajia wa Warren waende kwa Sanders, maana kwa sera wale wawili walikuwa karibu kuliko wengine wote. Baadhi walikwenda. Lakini kulikuwa na kina mama watatu hivi ambao kijana wa Sanders alipowasogelea na fulana yake ya buluu walimgeuzia mgongo. Wiki tatu nyuma, kwenye mdahalo wa Des Moines, Warren alikataa kumpa Sanders mkono hadharani, kisa habari kwamba Sanders aliwahi kumwambia faraghani mwanamke hawezi kushinda urais, na Sanders anakana. Sisi wa Kigoma tunajua: wavuvi wanaogombana ni wa mwalo mmoja, ufukwe mmoja wa kutia mitumbwi. Wa mwalo wa mbali unagombana naye nini? Klobuchar na Buttigieg nao baadaye walichapana vivyo hivyo kwenye mdahalo wa Las Vegas, kwa sababu wote wawili walikuwa wanavua watu wa wastani wa mikoa ya katikati. Mimi niliishia kwa Klobuchar, mke wangu ananicheka mpaka leo.

Matokeo ya usiku ule hayakutoka. Programu ya simu ya kutuma matokeo ilikwama, tukalala bila mshindi, na baada ya siku kadhaa ikawa Buttigieg kaongoza kiduchu kwa wajumbe, wale wanaohesabiwa kumteua mgombea, Sanders kaongoza kwa idadi ya watu. Biden wa nne. New Hampshire wa tano, asilimia 8 na ushee.

Halafu ikaja South Carolina, tarehe 29 Februari, ambako zaidi ya nusu ya wapiga kura wa mchujo wa Wademokrati ni weusi. Jim Clyburn, mbunge wao mzito, alimuunga mkono Biden siku tatu kabla, na Biden akachota karibu asilimia 49, Sanders 20. Watu husema Clyburn aliwaelekeza. Mimi naona waliongozwa na hesabu ya yule mama wa bustani, ila wao wamewasoma wazungu wa nchi hii kwa muda mrefu zaidi. Kumbuka 2008: weusi wengi wa South Carolina walikuwa kwa Hillary Clinton mpaka Obama aliposhinda Iowa, jimbo ambalo wengi mno ni wazungu. Walipoona wazungu kweli wanampigia, wakahamia kwake, akapata 55 kwa 27. Mwaka 2020 hawakuisikiliza Iowa.

Na hapa ndipo wakubwa wanapoingia na simu zao. Buttigieg akajitoa tarehe 1 Machi, Klobuchar tarehe 2, na usiku huohuo wote wawili wakawa Dallas wanamnadi Biden. Kesho yake Jumanne Kuu, siku ambayo majimbo 14 yalipiga kura kwa pamoja, Biden akachukua 10. Alichukua mpaka Massachusetts, nyumbani kwa Warren, na Warren akawa wa tatu kwao. Bilionea Michael Bloomberg, aliyekuwa akijinadi kwamba yeye ndiye wa kumwondoa Trump, alimwaga zaidi ya dola milioni 500 akaambulia visiwa vya American Samoa. Huwezi kusema ni mpango tu. Bloomberg alikuwa na mpango na hela pia.

Usidhani lakini makisio haya hulipa kila mara. 2004 Iowa walimwacha gavana wa zamani Howard Dean waliyekuwa wakimshangilia, wakamchukua seneta John Kerry kwa sababu alipigana Vietnam na Bush hangeweza kumwita mlegevu. Kerry akapigwa Novemba.

Yule mama bado ni jirani yangu. Trump alipochukua Iowa Novemba 2020 kwa takriban pointi 8, nilimuuliza habari za shemeji yake. Akasema alimpigia Trump, kama 2016, na kwamba kwenye karamu ya Thanksgiving, sikukuu ya shukrani, alimwambia wazi hajampigia Mdemokrati tangu miaka ya tisini. Bango la Warren alishalitoa, anatumia vile vyuma vyake kushikilia nyanya.